Rekodi ya Jinai, Madeni na Kuaminiwa na Serikali: Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Anayeomba kazi ya kushika bunduki, siri au fedha za umma nchini Kenya hupigwa msasa katika mambo mengi, lakini mawili hutangulia: kama amewahi kutiwa hatiani kortini, na jinsi anavyoendesha fedha zake. Yote mawili yana sababu moja. Mwenye kosa alilolificha anaweza kutishwa na yeyote anayelijua, na mwenye deni lililomkaba anaweza kununuliwa. Mchunguzi anataka kujua kama kuna mtu mwingine aliyeshika kamba ya kumvuta mwombaji.

Marekani ina kibali rasmi cha usalama chenye ngazi tatu, na habari zote za mwombaji hukusanywa pamoja kabla ya kuamua. Kenya haina kibali cha aina hiyo kwa mwombaji wa kawaida. Ina hati kadhaa kutoka ofisi kadhaa: cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, hati ya ushuru kutoka Mamlaka ya Mapato, KRA, hati ya mikopo ya chuo kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ripoti ya mikopo kutoka kampuni za kukusanya habari za mikopo, CRB, na fomu ya kujieleza inayopelekwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Kwa vyeo vizito huongezwa ripoti ya Idara ya Taifa ya Ujasusi, NIS, ambayo mwombaji haioni.

Eneo la Mlima Kenya linafaa kuwa mfano. Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri, ndiko kilipo chuo kikubwa cha kufunza polisi. Nanyuki kuna kambi ya jeshi la anga ya Laikipia na kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na Chuo Kikuu cha Karatina hutoa wahitimu kila mwaka, na wengi wao hupanga foleni ya hati hizo hizo. Tena hili ni eneo ambalo serikali ya kikoloni iliwahi kuwapiga msasa watu wake wote, mzee kwa kijana, na ni vyema kuanzia hapo.

Hati ya uaminifu

Vuguvugu la Mau Mau, lililokula kiapo cha kupinga utawala wa Waingereza, lilipigwa marufuku Agosti 1950, na tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Kula kiapo hicho kulikuwa kosa la jinai, na katika wilaya za Nyeri, Fort Hall (Murang'a ya leo) na Kiambu waliokuwa wamekula kiapo walikuwa umati mkubwa. Serikali ikawa na tatizo ambalo hakuna rekodi ya mahakama ingeweza kulitatua: karibu kila mtu alikuwa mshukiwa. Ikaunda vikosi vya kuchuja watu. Katika Operesheni Anvil, iliyoanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, washukiwa walipitishwa mbele ya mashahidi waliofunikwa gunia lenye matundu ya macho. Wakikuyu waliwaita gakunia. Shahidi akitikisa kichwa upande mmoja, mtu alirudi kwake. Akitikisa upande mwingine, mtu alipelekwa kizuizini. Waliozuiliwa waligawanywa kwa rangi: weupe walioonekana hawana hatia, wa kijivu walioonekana kurekebishika, na weusi walioonekana sugu.

Waliothibitishwa kuwa upande wa serikali walipewa hati ya uaminifu. Hati hiyo ilifungua milango: kusafiri, kufanya biashara, na mwishowe kupiga kura. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza Waafrika kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa kupiga kura bila hati ya uaminifu. Juu ya hapo kulikuwa na sifa zilizowahusu Waafrika wote, zikiwemo elimu, utumishi, kipato cha pauni 120 kwa mwaka au mali ya pauni 500. Mwenye sifa nyingi aliweza kupata hadi kura tatu. Wakikuyu wengi walishindwa kuvuka kizuizi cha kwanza, na Wameru wakawa ndio wengi katika daftari la Mkoa wa Kati. Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu, mtu aliyekuwa barazani tangu 1944. Nafasi ya uwakilishi wa mkoa mzima iliamuliwa na hati hiyo pamoja na sifa za kipato na mali, yaani mambo mawili tunayoyazungumzia, rekodi na fedha, kabla kura moja haijapigwa.

Ninakaa hapa kwa makusudi, kwa kuwa historia hii inafundisha kasoro ya msasa mahali popote. Gakunia hakuulizwa swali, na mshukiwa hakujua nani amemtaja wala kwa nini. Mtu mwenye shamba alilolitamani jirani angeweza kupata rangi nyeusi kwa sababu ya shamba. Uamuzi huo haukuwa na njia ya kujibiwa papo hapo.

Na rekodi iliyoandikwa wakati huo haikutabiri mengi. Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri aliyejulikana msituni kwa jina la Jenerali China, alikamatwa Januari 1954 akahukumiwa kunyongwa. Aliponea, akafungwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta, akaachiliwa 1962. Baada ya uhuru akawa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, akiwalea vijana wa nchi nzima kwa miaka mingi. Hukumu ya kifo ni rekodi nzito kuliko zote, lakini serikali mpya iliuliza ilitokana na nini. Sheria yenyewe ilichelewa mno kuuliza: marufuku ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru, chini ya Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, Nyeri.

Cheti cha maadili mema

Leo anayetaka cheti cha maadili mema huomba kwenye mtandao wa eCitizen, hulipa shilingi 1,050, kisha huenda kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Aliyeko Nyeri huenda kituo cha Huduma mjini. Si lazima tena asafiri hadi makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu, Nairobi, kama wazazi wake walivyolazimika. Alama hulinganishwa na zile zilizo katika sajili ya jinai. Msingi wa mfumo wote ni vidole. Jina linaweza kufanana, kitambulisho kinaweza kupotea, lakini mtu aliyechukuliwa alama alipofikishwa kortini, iwe Meru au Mombasa, atajulikana.

Cheti hiki hutakiwa kwa kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Dereva wa matatu hapati beji bila cheti. Askari wa kampuni ya ulinzi hatakiwi kuandikishwa bila cheti, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016. Mwalimu hukihitaji kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, na anayekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani hukibeba pamoja na pasipoti. Kwa Kiganjo na kwa jeshi, mwombaji mwenye rekodi ya jinai huondolewa mapema.

Uzito wa kosa hutegemea kazi inayoombwa. Kosa la kingono dhidi ya mtoto humfungia mtu mlango wa darasa, na ni haki umfungie. Kosa la wizi lina maana kubwa kwa mtunza fedha. Kwa anayetaka ubunge, Ibara ya 99 ya Katiba ya 2010 humzuia aliye chini ya kifungo cha angalau miezi 6, na humzuia pia aliyepatikana ametumia vibaya ofisi ya umma. Lakini hakuna anayezuiwa kabla ya nafasi zote za kukata rufaa kwisha. Aliyetiwa hatiani kwa ufisadi, chini ya Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, hawezi kuchaguliwa wala kuteuliwa kuwa mtumishi wa umma kwa miaka 10. Mtumishi aliyeshtakiwa tu husimamishwa kazi kwa nusu mshahara mpaka kesi iamuliwe.

Angalia kinachotokana na hapo. Fisadi mkubwa ana miaka 10 iliyotajwa na sheria, kisha kizuizi hicho kinakwisha. Kijana aliyepatikana na chupa ya chang'aa hana muda uliotajwa popote. Uingereza ilitunga Sheria ya Kurekebishwa kwa Wakosaji mwaka 1974, na chini yake hukumu nyingi ndogo huhesabiwa kuwa zimekwisha baada ya muda fulani, mtu halazimiki kuzitaja kwa mwajiri wa kawaida. Kenya haina sheria pana ya namna hiyo. Kuna msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 133, kupitia kamati ya ushauri, lakini njia hiyo ni ya wachache, na wengi wanaoomba ni wafungwa wenye vifungo virefu.

Kasoro hii inauma zaidi katika miji ya mlima kuliko mahali pengi. Kampeni dhidi ya pombe haramu zimerudiwa mara nyingi huku, na kila msako hufikisha kortini kundi la vijana Jumatatu asubuhi. Mtu anayekabiliwa na siku kadhaa rumande huona afadhali akubali kosa, alipe faini ndogo, arudi shambani. Hajui kwamba kukubali kosa ni kutiwa hatiani, na kwamba hukumu inaweza kumngoja miaka mingi mbele, siku atakapotaka beji ya kuendesha matatu. Faini humalizika siku ile ile, hukumu haimaliziki. Kwa maoni yangu hakimu anapaswa kumweleza hivyo kwa lugha anayoielewa kabla hajasema ndiyo.

Kukamatwa si hukumu. Ibara ya 50 humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kesi iliyoondolewa au iliyoshindwa haifai kutumiwa kama doa. Anayeulizwa katika fomu kama amewahi kushtakiwa, ajibu kweli na aambatishe uamuzi wa mahakama. Nakala ya uamuzi hupatikana katika masjala ya korti iliyosikiza kesi, na ni busara kuichukua mapema.

Deni

Upande wa fedha umebadilika haraka zaidi. Mwaka 2012 ilikuja M-Shwari, baadaye Fuliza na programu nyingi za kukopesha, na mkopo ukawa jambo la kubonyeza simu. Wakati huo huo Benki Kuu ilikuwa imeshaweka kanuni za kampuni za kukusanya habari za mikopo: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Watu wote huziita CRB tu. Kwa miaka kadhaa mtu aliweza kuorodheshwa kuwa mdaiwa sugu kwa kiasi kisichonunua hata mfuko wa mbolea, mpaka kanuni za 2020 zilipokataza kuorodhesha deni lisilofika shilingi 1,000. Kanuni hizo zilifanya pia cheti cha CRB cha mara ya kwanza kuwa bure. Hata baada ya kulipa, kumbukumbu ya kushindwa hubaki miaka 5.

HELB nayo ina uzito wake. Mhitimu aliyekopeshwa na akashindwa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, pesa ambazo asiye na kazi hana. Halafu, kwa miaka mingi, alipoomba kazi ya serikali aliulizwa hati ya HELB mapema. Yaani hawezi kulipa kwa kuwa hana kazi, na kazi inamtaka awe analipa. Mwaka 2022 Bunge lilibadilisha Sheria ya Ajira ili mwajiri asidai hati za namna hii mpaka awe amenuia kumpa mtu mkataba wa maandishi. Ni hatua nzuri. Haikuondoa deni lenyewe, lakini iliwapunguzia wengi gharama ya kukusanya vyeti kwa ajili ya kazi ambazo hawangezipata.

Katiba haikusema kuwa na deni ni kukosa maadili. Ibara ya 99 humzuia aliyetangazwa muflisi na mahakama na bado hajaondolewa hali hiyo. Mdaiwa wa kawaida hamo. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilikataza afisa kukwepa ushuru na kupuuza wajibu wake wa kifedha. Kupuuza ndiko kulikokatazwa, na hapo ndipo mpimaji anapotakiwa kuwa na akili.

Tazama fedha za mlima zinavyokuja. Mkulima wa majani chai wa Othaya hupata malipo madogo kila mwezi, kisha bonasi mwezi wa Oktoba. Wa kahawa wa Mathira au Tetu hungoja malipo ya msimu. Karo hudaiwa Januari. Basi mwalimu mchanga ambaye familia yake inategemea mavuno hayo anaweza kuonekana mdaiwa mbaya mwezi wa Machi na msafi kabisa Novemba, bila tabia yake kubadilika hata kidogo. Kisha kuna udhamini wa Sacco: mtu hutia sahihi kumdhamini mwenzake kazini, mwenzake akatoroka, na akiba ya mdhamini ikashikwa. Ripoti haitaji huruma iliyomfanya aweke sahihi. Mpimaji anayesoma tarakimu peke yake atamwondoa mtu aliyezoea kutimiza ahadi, tena ahadi za wengine.

Mali isiyoelezeka

Kwa usalama wa nchi, mwenye kutisha ni yule ambaye pesa zake hazina chanzo. Jambo hili lilionekana wazi katika msasa wa polisi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 iliagiza kila afisa achunguzwe, na Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi, chini ya mwenyekiti wake Johnston Kavuludi, ikaanza kazi Desemba 2013. Maafisa waliletwa na taarifa zao za benki na za M-Pesa. Maswali yalikuwa rahisi: mshahara wako ni huu, hizi laki zilizopita kwenye simu yako zimetoka wapi, na kwa nini unamtumia mkubwa wako pesa kila wiki? Baadhi ya maafisa wa kikosi cha trafiki walishindwa kujibu, wakaachishwa kazi. Wengine walijibu kwa kuleta rekodi za biashara na mashamba, wakabaki.

Msingi wa kisheria ulikuwepo tayari. Watumishi wa umma hutangaza kipato, mali na madeni yao, pamoja na ya mke au mume na watoto walio chini ya miaka 18. Utaratibu huo ulitokana na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, na sasa uko chini ya Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa sahihi Julai 2025. Mali isiyolingana na kipato inaweza kutaifishwa na mahakama kwa ombi la EACC. Lakini matangazo hayo kwa miaka mingi yamefungwa kabatini. Mwombaji wa kazi ya chini huonyesha deni lake la shilingi elfu chache kabla hajaajiriwa, na mkubwa aliyejenga majumba huulizwa mara chache. Naona hapo mizani imepinduliwa.

Kwa walio Marekani

Wapo wana wa Nyeri na Meru walio katika jeshi la Marekani au wanaofanya kazi za kampuni zinazohudumia serikali yake. Kibali cha usalama huko hupewa raia pekee, na huamuliwa kwa miongozo 13 iliyoanza kutumika Juni 2017. Mmoja unahusu fedha, mwingine jinai, mwingine ukweli wa mtu katika majibu yake. Muhimu kwa msomaji wa huku ni kwamba kila mwongozo una sehemu mbili: yanayoharibu na yanayopunguza uzito. Deni linaharibu, lakini kama lilitokana na ugonjwa, kupoteza kazi au talaka, na mtu ameanza kulipa kwa nia njema, uzito hupungua. Utajiri usioelezeka nao umeorodheshwa kati ya yanayoharibu. Kosa la jinai la zamani hupimwa kwa muda uliopita na mwenendo wa baadaye. Uongo katika fomu hauna tiba nyepesi, na watu hupoteza kibali kwa kuficha jambo ambalo lingesamehewa.

Fomu ya kuomba kibali hicho huuliza pia juu ya jamaa walio nje, mali iliyo nje na fedha anazopewa mtu asiye raia. Kumlipia mdogo wako karo Karatina, kuchangia harambee ya hospitali, kununua ploti Nanyuki: yote huandikwa. Hayo si makosa. Makosa ni kuyaacha kwa kudhani ni mambo ya nyumbani yasiyowahusu wengine.

Ripoti isiyoonekana, na njia ya kujibu

Sheria ya NIS ya mwaka 2012 huipa idara hiyo kazi ya kuwapiga msasa wanaotaka uraia na wanaotaka vyeo vinavyohitaji uchunguzi. Siri ina nafasi yake hapa. Jasusi hawezi kufichua kila aliyempa habari. Hata hivyo, mtu anayenyimwa cheo kwa neno asilolijua, lililosemwa na mtu asiyemjua, yuko karibu sana na yule aliyesimama mbele ya gakunia, na watu wa mlima wana sababu ya kuliona hilo kabla ya wengine.

Katiba imeweka njia, ingawa haifiki kila mahali. Ibara ya 35 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali na ya kudai habari zisizo za kweli juu yake zisahihishwe au zifutwe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaibana haki hiyo pale usalama wa taifa unapohusika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humruhusu kudai data yake irekebishwe, na anayeona ameorodheshwa CRB kwa kosa anaweza kupinga kwa kampuni yenyewe, ambayo hulazimika kuchunguza na aliyeileta habari. Ibara ya 47 humpa yeyote aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Barua ya kuomba sababu hizo ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa bila sababu zilizoandikwa hakuna cha kukatia rufaa. Jibu lisipokuja, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na mzozo ukiwa wa ajira, huishia katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo mjini Nyeri.